Maji ya Korosho

Walimleta alasiri, siku tatu kabla ya harusi,
kwa mlango wa uani, hapa Jadida, Wete,
kama watu wanaorejesha kitu cha wizi.
Mamake akafunga dirisha la kwanza, akafunga la pili,
ndipo akakumbuka kunisalimia.
"Bi Mafunda, stara yetu iko mikononi mwako."
Akaupandisha mkono wa buibui la bintiye.

M.
Herufi moja tu, ndani ya kifundo cha mkono,
imekaa mshazari, nyeusi, kingo zimetuna
kama mkate uliopita moto.

Kazi ya korosho naijua nikiiona.
Maganda mabichi, mafuta yanayouma, kijiti cha ufagio,
wasichana wawili ndani ya chandarua kimoja cha dakhalia,
taa zimeshazimwa,
mmoja anauma kanga asije akapiga ukelele.
Thuwaiba alikuwa na miaka kumi na minne.
M ni Mwanaisha, wa kitanda cha juu,
aliyemfundisha hesabu za sehemu,
ambaye sasa anauza vitenge Tanga
na hata kadi ya harusi hakupelekewa.

Lakini nani ataliuliza hilo?
Bwana harusi anaitwa Seif.
Kwa watu wa Chake, M ni Mwanamme.

Mimi nilikuwa na bibi.
Mzaa mama, Mmakonde, alivuka angali kigori
kuja kuchuma karafuu za watu,
na mashavu yake yote yalikuwa yameandikwa:
ngazi, ngazi, jicho la samaki, ngazi.
Kwao walimchanja ili apendeze.
Hapa, wakija wageni, alipewa mbuzi na nazi
akae jikoni, mgongo kwa mlango.
Nami nilikuwa nikiuchomoa mkono wangu mkononi mwake
tukifika sokoni.
Nina miaka sitini na moja. Bado paniwasha pale aliponishika.

Alipokufa nilikuwamo katika waliomwosha.
Wapo wasemao ngozi iliyoandikwa maji hayaipati.
Yaliipata.
Yaliteremka ngazi moja moja, taratibu,
kama mtu anayeijua nyumba.

Nikakoroga hina: ndimu mbili, chai ya rangi iliyolala,
tone la mafuta ya makonyo.
"Nifunike au nipambe?"
"Funika," akasema mama.
Binti akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.
"Isiungue tena tu," akasema.

Sikufunika.
Miguu ya M nikaifanya mashina mawili,
bonde la kati nikalitia karafuu tatu changa,
vichwa vingali vimefumba,
majani nikayapeleka juu hadi kwenye mshipa unaopiga.
Mama akainama, akatafuta, akaipoteza herufi,
akalia kidogo, akanilipa zaidi ya tuliyopatana.

Hina hukaa wiki mbili, ikizidi sana tatu.
Ikilala juu ya ngozi watu hupiga vigelegele,
ikiingia ndani watu hufunga madirisha;
kati ya hayo mawili pana unene wa ganda la kitunguu.
Siku moja Seif atauona mkono ukigeuza chapati
na M itakuwa imerudi.
Nimemwambia Thuwaiba: mwambie mwenyewe, mapema,
usimwachie chapati.
Sijui kama atamwambia.

Siku ya kuoneshwa bibi harusi
alikuja Bi Raya, shangazi yake Seif,
yule aliyemkataa binti wa Konde kwa sababu ya jino.
Akaushika mkono, akaugeuza kwenye taa.
Mamake Thuwaiba alikuwa na sinia la halua;
sinia likatulia hewani.

"Ua hili," akasema Bi Raya, "sijaliona Pemba nzima."
Akaniita mbele za watu. Akavua bangili zake, moja, mbili, tano.
"Nitie hilo hilo. Usinipunguzie."

Nikalowesha kijiti.
Sikumpunguzia.
Nilianza na miguu miwili ya M.